Kilo ya Pamba, Kilo ya Chuma

Hoja: Swali la "kilo ya pamba na kilo ya chuma, ipi nzito?" liendelee kuulizwa darasani, au liachwe?

MWALIMU WA FIZIKIA: Liendelee. Nimelitumia kidato cha kwanza kwa miaka mingi na sijapata swali fupi la kulishinda. Ukiliuliza tu, darasa zima linapiga kelele: chuma! Halafu wawili watatu wananyamaza, wanalirudia kimoyomoyo, na nyuso zao zinabadilika. Somo linaanzia hapo. Jibu lilikuwa ndani ya swali lenyewe, wao wakalipita mbio. Kilo ni kilo.

MUUZA NAFAKA: Mwalimu, mimi nimezaa mmoja wa hao waliopiga kelele. Nauza mahindi, mchele na maharage sokoni, na siku asizo na shule mwanangu ananisaidia. Pale kwetu wanaouliza kilo ni wachache. Watu wanauliza sado, wanauliza kopo, wanauliza debe. Debe la mahindi linakaribia kilo 18. Debe hilohilo ukilijaza pumba, mtoto wa darasa la tatu anajitwika kichwani na anaondoka akiimba. Mwanangu anayajua hayo kwa shingo yake. Ukimtajia pamba na chuma, anaona vyombo viwili vilivyo sawa, kimoja kimejaa pamba, kingine kimejaa chuma, naye anajibu sawasawa. Wewe ndiye uliyemuuliza jambo lingine.

MWALIMU: Nimemuuliza kilo, mama. Neno nimelitamka wazi.

MUUZA NAFAKA: Umelitamka mara mbili, haraka haraka, ukijua kabisa kwamba sikio litashika pamba na chuma na kuiacha hiyo kilo ipite. Ungekuwa unataka aisikie ungeiweka mwishoni.

MWALIMU: Sikatai, na ndiyo kazi yake. Anachokijua mwanao kwa shingo kinaitwa msongamano, yaani maada nyingi katika nafasi ndogo. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.87 hivi, ya maji ina gramu 1. Hayo ni maarifa ya kweli na sina ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba kichwani mwake msongamano na uzito vimelala kitanda kimoja, na yeye hajui kuwa viko viwili. Nikimwandikia fasili ubaoni ataikariri, ataniandikia vizuri kwenye jaribio, na moyoni atabaki anaamini kuwa chuma ni kizito popote kilipo na pamba ni nyepesi popote ilipo. Jean Piaget, yule mtaalamu wa Uswisi, alikuwa akiwapa watoto donge la udongo, analiviringisha mbele ya macho yao likawa refu, kisha anawauliza kama uzito umebadilika. Wadogo walisema umebadilika. Wengi hufika miaka 9 au 10 ndipo wanatulia kwamba uzito ni uleule. Mimi nafundisha watoto wa miaka 13 na 14. Wanapaswa kuwa wamevuka.

MUUZA NAFAKA: Wamevuka. Mpe mwanangu udongo, uuviringishe, umuulize kama umeongezeka, atakucheka. Hajachanganyikiwa huyo, ametegwa. Na mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo.

MWALIMU: Kutegana kumeanza leo? Tumelelewa kwa vitendawili. Bibi anasema "kitendawili!", nasi tunaitika "tega!" Nyumba yangu haina mlango, jibu ni yai. Aliyekuwa anawaza fremu na bawaba amekosa, na hakuna aliyemshitaki bibi kwa udanganyifu. Akili inanolewa kwa kupotezwa kidogo njia.

MUUZA NAFAKA: Umenisaidia, Mwalimu. Bibi anasema kitendawili kwanza. Anayetegewa anajibu "tega", maana yake ameridhia, ameshajua kuwa mlango hautakuwa mlango. Akishindwa anatoa mji, anapewa jibu, wanacheka wote, zamu inaenda kwa mwingine. Hakuna wino mwekundu. Darasani kwako nani amesema "tega"? Wewe umeingia na chaki, umeuliza kwa sauti ileile unayoulizia mji mkuu wa Zambia, na aliyejibu kwa kukuamini ndiye anayechekwa hadi mapumziko.

KARANI WA PAMBA: Samahani, mnagombania kilo ambayo kati yenu hakuna aliyeipima. Mimi ni karani wa mizani wa chama cha msingi, AMCOS, huku kwenye ukanda wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Mwalimu, hiyo kilo yako ya pamba ilipimwa saa ngapi?

MWALIMU: Saa inaingiaje?

KARANI: Pamba inakunywa maji ya hewani. Chukua nyuzi safi zilizokaushwa kabisa, kilo moja kamili, uziache wazi kwenye hewa ya kawaida. Bila mtu kuzigusa zitajiongezea gramu 70, gramu 80, na zaidi hewa ikiwa na unyevu mwingi. Wanunuzi wa nyuzi duniani wanalijua hilo, ndiyo maana huwekeana viwango vya unyevu kabla ya kuzungumza bei. Chuma ukikiacha usiku mmoja utakikuta na kilo yake ileile. Kwa hiyo kilo ya chuma inakaa, kilo ya pamba inatembea. Na wewe unasimama mbele ya watoto unasema kilo ni kilo.

MWALIMU: Ikiongezeka gramu 80 inakuwa kilo moja na gramu 80. Siyo kilo tena. Hesabu haijavunjika.

KARANI: Hesabu haijavunjika, mtu ndiye anavunjika. Nimeona mzigo umelowekwa maji usiku. Nimeona mchanga katikati ya robota la nyumbani, na jiwe limefungwa kwa nyuzi safi kabisa, juu daraja la kwanza, ndani fifi na kokoto. Wote hao walileta "kilo". Upande wa pili wako makarani, na hapa siwatetei wenzangu, ambao mizani yao haikuwahi kuanzia sifuri.

SONARA: Ukweli huo.

KARANI: Na si jambo la jana. Vyama vya ushirika vya Usukuma vilizaliwa kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, pamba ikinunuliwa na wafanyabiashara binafsi, wakulima waliona wanapunjwa, wakaweka watu wao wa kusimama pembeni na kusoma uzito upya. Kutoka kwenye malalamiko hayo Paul Bomani na wenzake wakajenga vyama, na mwaka 1955 kukawa na Victoria Federation of Co-operative Unions pale Mwanza. Watu wazima walijipanga, wakachanga, wakaingia hadi kwenye siasa za kudai uhuru, kwa ajili ya swali lako hilo la darasani: hii kilo ya pamba na ile kilo ya chuma iliyo upande wa pili wa mizani, ni sawa kweli? Wewe unawafundisha wajukuu zao kwamba anayeuliza hivyo hakusikiliza vizuri.

MWALIMU: Unanisingizia. Mimi nafundisha fizikia, na fizikia inaanza kwa kudhani kuwa kipimo ni cha kweli.

MUUZA NAFAKA: Sisi sokoni tunaanza kwa kudhani kinyume chake. Gunia la viazi likija na kilemba juu, lumbesa, nani anashika mizani? Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, Wakala wa Vipimo wanapita wanatangaza, na lumbesa bado inapakiwa. Bei ni ya gunia. Gunia ni gunia, Mwalimu, kama kilo yako.

MWALIMU: Hapana! Hiyo ndiyo tofauti yenyewe. Gunia ni chombo, kilo ni kipimo. Mwanafunzi aliyelielewa swali langu ndiye atakayekataa lumbesa kesho, kwa sababu atauliza: gunia la kilo ngapi? Yule anayeona vyombo viwili "vilivyo sawa", kama ulivyomsifu mwanao, ndiye anayepunjwa.

MUUZA NAFAKA: Mwanangu hapunjwi. Anapunja akitaka, namkataza.

SONARA: Niingie sasa, maana mmekaa kwenye kilo tu kana kwamba dunia haina kipimo kingine. Mimi ni fundi wa dhahabu, wa pwani. Siku hizi tunauza kwa gramu. Wazee wetu waliuza kwa tola, gramu 11.66. Lakini bei ya dunia mpaka leo inatangazwa kwa wakia. Basi nami nakutegeeni. Wakia ya dhahabu na wakia ya manyoya ya kuku, ipi nzito?

MWALIMU: Sawasawa.

SONARA: Dhahabu. Wakia ya sonara ina gramu 31.1, wakia ya duka la kawaida gramu 28.35. Haya, ratili ya dhahabu na ratili ya manyoya?

MWALIMU: Basi dhahabu tena.

SONARA: Manyoya! Ratili ya sonara ina wakia 12 tu. Ya kawaida ina 16.

(Msomaji asiyeamini achukue kalamu: 12 mara 31.1 ni gramu 373. 16 mara 28.35 ni gramu 453.6. Katika mitego yote ya ukoo huu, huu ndio ninaoupenda mimi mwandishi, kwa sababu mjanja na mzito wa akili wanaanguka pamoja.)

MWALIMU: Hilo sasa si swali la haki. Linahitaji habari ambayo mtu hana. Aliyefikiri kwa makini na asiyefikiri wote wanakosa. Mimi singeliuliza darasani.

MUUZA NAFAKA: Kumbe! Mtego ukikunasa wewe unakuwa si wa haki.

MWALIMU: Nimeeleza sababu, mama. Katika swali langu, kila kinachohitajika kimo ndani ya sentensi. Katika lake, ufunguo uko kwenye droo ya sonara.

SONARA: Na wa kwako uko kwenye droo ya mwalimu. Mtoto atajuaje kuwa vyote viwili umevipima kwa mizani moja, mahali pamoja? Mzee mmoja wa biashara ya karafuu akikwambia frasila, wewe utafikiri nini? Kilo 16 hivi. Na pishi je? Pishi ni ujazo. Pishi ya mchele na pishi ya kitu kingine haziwezi kuwa na uzito mmoja. Pwani tumeishi na vipimo vya uzito na vipimo vya ujazo bega kwa bega, na mtu akitaja kipimo, la kwanza tunauliza: cha nani, na cha kupimia nini? Mtoto anayejibu papo hapo "sawa" ndiye ninayemhofia akija kununua pete.

MWALIMU: Vizuri. Mmetaka kina, tuingie kina. Nitawapa sababu yangu kubwa, ambayo huwa naiweka hadi kidato cha tatu. Hewa inasukuma juu kila kilichomo ndani yake. Kilo ya nyuzi za pamba, ukihesabu nyuzi zenyewe bila nafasi iliyo katikati yake, inachukua theluthi mbili za lita. Kilo ya chuma inachukua sehemu moja ya nane ya lita. Lita ya hewa pwani ina gramu 1.2 hivi, Mwanza, juu zaidi ya mita 1,100, hewa ni nyepesi kidogo. Kwa hiyo pamba inabebwa na hewa zaidi kuliko chuma. Ukiwa na maada kilo moja kamili ya kila kimoja, mizani itaonyesha pamba pungufu kwa zaidi kidogo ya nusu gramu.

MUUZA NAFAKA: Subiri. Pungufu?

MWALIMU: Pungufu. Na ukigeuza, yaani mizani ikisimama sawa kabisa hapa hewani, basi upande wa pamba una maada nyingi zaidi. Ifunike mizani hiyo kwa chupa kubwa, utoe hewa yote, na upande wa pamba utashuka. Mnaona utajiri wa swali? Mtoto wa kidato cha kwanza anasema chuma. Wa kidato cha pili anasema sawa. Wa kidato cha tatu anauliza: hewani, au pasipo hewa?

MUUZA NAFAKA: Mimi naona kitu kingine. Mwanangu alisema chuma. Kwa maneno yako mwenyewe, hewani, vikiwa na maada sawa, chuma ndicho kizito kwenye mizani. Kwa hiyo alikuwa sahihi, mkamcheka, na wewe ulikuwa unajua.

MWALIMU: Alikuwa sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

MUUZA NAFAKA: Na wale wawili watatu walionyamaza wakasema sawa, wao walikosea kwa sababu sahihi? Ukawapigia makofi?

KARANI: Nusu gramu! Mwalimu, nimekuambia gramu 80 za maji ukasema hesabu haijavunjika. Sasa unatuletea nusu gramu ya hewa na unaiita utajiri. Umande wa asubuhi moja unaimeza hiyo hewa yako zaidi ya mara 100.

SONARA: Usiidharau nusu gramu, ndugu karani. Kwangu nusu gramu ni pesa ya mtu.

KARANI: Kwako, ndiyo. Kwa mkulima, kinachomuumiza ni kile kilichoachwa nje ya swali ili lionekane safi. Kwenye kitabu pamba haina unyevu, mizani haina mwenyewe, na muuzaji hana haraka ya kulipia ada.

MWALIMU: Kila sayansi inaanza kwa kuacha vitu nje. Ukiviingiza vyote siku ya kwanza hutafundisha chochote.

MUUZA NAFAKA: Basi waambie umeviacha.

MWALIMU: Na mkono je? Tuseme hatuna mizani yoyote. Augustin Charpentier, Mfaransa, aliandika mwaka 1891 kuwa ukimpa mtu vitu viwili vyenye uzito mmoja, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, ataapa kuwa kidogo ndicho kizito. Mwambie vina uzito mmoja, mwonyeshe mizani, avibebe tena: mkono wake utaapa vilevile. Ndiyo maana siwezi kuiachia shingo ya mwanao iamue. Shingo inadanganya, hata ya mtu mzima, hata ya msomi.

MUUZA NAFAKA: Wakifunikwa macho je?

MWALIMU: ...Hilo nalo limejaribiwa. Marekani, mwaka 2007. Ratili ya risasi na ratili ya manyoya katika masanduku yenye umbo moja, wabebaji wamefungwa macho. Walielekea kuhisi kuwa la risasi ndilo zito. Maelezo ni kwamba risasi imekaa mahali pamoja ndani ya sanduku, manyoya yamejaa kote, na mkono unahangaika tofauti kulituliza kila moja.

MUUZA NAFAKA: Kwa hiyo anayebeba, chuma kinamlemea zaidi. Hata gizani. Mwalimu, kila mlango unaoufungua mwanangu anatokea ndani.

MWALIMU: Kwenye mkono, ndiyo. Mimi naulizia uzito, sio mkono. Tumetengeneza mizani kwa sababu hiyo hasa, ili tusibishane kwa mabega.

KARANI: Mizani ipi? Kuna ya kuning'iniza yenye springi na kuna ya sahani mbili. Ile ya springi ikirekebishwa London kisha ikaletwa Mwanza bila kurekebishwa upya, kilo moja ya chochote itasomeka pungufu kwa karibu gramu 4, kwa sababu huku karibu na ikweta na juu ya mwinuko ardhi inatuvuta pungufu kidogo kuliko London. Ya sahani mbili haijali. Inalinganisha tu mzigo na mawe, na mawe yenyewe nayo yanavutwa pungufu vilevile. Hizi za kidijitali zinazoingia vyamani siku hizi nazo zinahitaji kurekebishwa pale zinapotumika. Hayo mimi sikufundishwa shuleni. Nilijifunza kwa kugombezwa na watu wa vipimo.

MWALIMU: Na ungefundishwa shuleni ungefurahi. Lete basi, niliandike swali upya, tuone kama mtaridhika. "Pamba na chuma, vyote vimepimwa kwa mizani ileile, saa ileile, mizani ikasoma kilo moja kwa kila kimoja. Kipi kizito?"

SONARA: Sasa hakuna atakayekosa.

MWALIMU: Ndiyo shida yangu! Hakuna atakayekosa, na hakuna atakayefikiri. Mmeing'oa miba yote mkabaki na kijiti. Asiyejikwaa hapo hatajua kamwe kuwa alikuwa anatembea bila kuangalia chini.

KARANI: Mwache ajikwae, lakini kwenye kitu kilichopo. Weka pamba ya kweli mezani, asubuhi, muipime. Ianikeni juani. Muipime tena saa nane, kando ya chuma kilekile. Halafu uwaulize kilo ilikwenda wapi.

MWALIMU: Vipindi viwili vinakwisha kabla jua halijakausha kitu. Nina wanafunzi wengi na mizani moja, sahani yake moja imepinda.

MUUZA NAFAKA: Hiyo hiyo iliyopinda ndiyo ungewaletea. Waambie: mmoja wenu ni mnunuzi, mmoja wenu ni muuzaji, hii hapa mizani. Mnunuzi anataka pamba iwekwe sahani gani? Muuzaji je? Mwulize mwanangu hilo uone kama atakosa.

MWALIMU: Hatakosa, mama. Atakosa kwenye mtihani, kwa sababu mtihani utamwuliza kilo ya pamba na kilo ya chuma, utampa A, B, C na D, na sehemu ya kuandika "inategemea" haitakuwapo. Mimi namwandaa kwa chumba atakachoingia.

MUUZA NAFAKA: Na mimi nimemwandaa kwa soko analotoka. Sasa niambie, huyo anayetunga mtihani, chakula chake ananunulia wapi?